Mizani, maji, sirinji au puto: kuchagua njia ya kupima gesi ya asidi na soda ya kuoka

Mtu akimwaga siki juu ya soda ya kuoka, povu hupanda papo hapo, na hakuna anayehitaji kifaa ili kujua kwamba gesi imetoka. Ugumu huanza pale anapotaka kujua imetoka kiasi gani. Njia nne ndizo zinazotumika zaidi katika maabara ndogo, madarasani na majumbani: kupima uzito uliopungua, kukusanya gesi juu ya maji, kuikusanya ndani ya sirinji, na kuiacha ijaze puto. Kila moja itakupa namba, lakini namba hizo hazitalingana, hata kama umetumia soda ileile na asidi ileile. Makala haya yanazilinganisha kwa vigezo vilevile, ili msomaji aliyekwama kati yake aone ipi inalingana na swali alilo nalo na vifaa vilivyo mbele yake.

Vigezo vya kulinganisha

Kipimo chochote hakina maana bila kujua kiasi kinachotarajiwa. Soda ya kuoka ni sodiamu haidrojeni kaboneti, na moli moja yake (kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe) ikipata asidi ya kutosha hutoa moli moja ya kaboni dioksaidi. Kwa uzito, gramu 84 za soda hutoa gramu 44 za gesi. Kwa hiyo gramu 1 hutoa takriban gramu 0.52, ambazo kwenye usawa wa bahari na joto la nyuzi 25 hujaza mililita 290 hivi. Iwe asidi ni ya siki, ya sitriki au ya haidrokloriki, namba hizo hazibadiliki, mradi soda ndiyo iishe kwanza. Siki ya kawaida yenye asilimia 5 ya asidi huhitajika angalau mililita 14 au 15 kwa kila gramu ya soda, na ni busara kuongeza kidogo juu ya hapo.

Kigezo cha kwanza ni swali lenyewe: je, unatafuta jumla ya gesi mwishoni, au unataka kuona inavyotoka sekunde baada ya sekunde? Cha pili ni kiasi cha soda unachoweza kutumia, kwa kuwa kila kifaa kina kipimo kinachokifaa. Cha tatu ni mahali ambapo gesi hupotea bila kuonekana. Cha nne ni utegemezi wa hali ya hewa, nacho mara nyingi husahaulika. Ujazo wa gesi hubadilika kwa joto na mgandamizo, ilhali uzito wake haubadiliki. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 mgandamizo wa kawaida wa hewa ni karibu kilopaskali 84.5 badala ya 101.3, na zile mililita 290 huwa karibu 350. Mwanafunzi wa nyanda za juu anayelinganisha matokeo yake na namba ya kitabuni ataona gesi imezidi soda aliyoitia, kumbe hakuna kilichozidi. Kigezo cha mwisho ni vifaa vyenyewe, pamoja na uangalifu vinavyodai.

Hasara inayozikumba njia zote

Kabla ya kuingia katika njia moja moja, kuna jambo ambalo naona lina uzito kuliko uchaguzi wa kifaa. Njia zote nne hupima gesi iliyotoka kwenye kimiminika, wala si gesi iliyozalishwa. Kaboni dioksaidi huyeyuka vizuri katika maji: kwa nyuzi 25, lita moja ya maji iliyozungukwa na gesi hii tupu hushika gramu 1.45 hivi, yaani zaidi ya mililita 800. Gramu moja ya soda ikitiwa katika mililita 50 za asidi iliyozimuliwa, kimiminika hicho peke yake kinaweza kubaki na mililita 40 kati ya 290, sawa na asilimia 14. Ukitumia mililita 18 za siki isiyozimuliwa, hasara hiyo hushuka hadi asilimia 5 hivi. Wengi huongeza maji ili mmenyuko uende taratibu, na hawatambui kwamba kwa kufanya hivyo wanaongeza pia mahali pa gesi kujificha.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kupunguza kimiminika na kukitikisa kwa upole mwishoni, mpaka mapovu madogo yanayoshikamana na kuta za chombo yaache kupanda. Ya pili ni kuishibisha asidi mapema: tia chembe chache za soda ambazo hutazihesabu, subiri povu litulie, kisha ndipo uanze kipimo chenyewe kwa soda uliyoipima. Kwa hila hii asidi huingia kazini ikiwa tayari imebeba sehemu kubwa ya gesi ambayo ingeimeza. Asidi itakayobaki lazima bado itoshe kuimaliza soda ya kipimo.

Mizani: uzito unaopungua

*Utaratibu.* Chombo chenye asidi huwekwa juu ya mizani pamoja na soda iliyo katika kikombe kidogo au karatasi, na vyote hupimwa kwa pamoja. Kisha soda humiminwa kidogo kidogo, kikombe kikarudishwa juu ya mizani, na uzito unaopotea huwa ndio uzito wa gesi iliyoondoka. Mkemia wa Uskoti Joseph Black alipoichunguza gesi hii katika miaka ya 1750 aliitegemea sana mizani, na mantiki yake haijazeeka.

*Kiasi kinachofaa.* Kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01, gramu 5 za soda hutosha: upungufu unaotarajiwa ni gramu 2.62, na kosa la gramu 0.02 ni chini ya asilimia 1. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kwa kiasi hicho. Ili ifae ungehitaji gramu 50 za soda na zaidi ya mililita 700 za siki, na hapo povu lenyewe huwa tatizo kubwa kuliko kipimo.

*Inapopotoka.* Kosa linalojulikana ni matone yanayorushwa na povu, ambayo mizani huyahesabu kama gesi. Kipande cha pamba kilicholegezwa mdomoni mwa chupa huyazuia na kuiacha gesi ipite. Nacho kipimwe pamoja na vingine tangu mwanzo. Kosa lisilojulikana sana huenda upande wa pili. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa: lita moja yake ina uzito wa gramu 1.80 hivi, na lita ya hewa gramu 1.18. Kwa hiyo gesi hukaa ndani ya chombo mahali palipokuwa na hewa, na kila lita inayobaki huongeza gramu 0.62. Chupa yenye nafasi tupu ya mililita 200 inaweza kubakiza gramu 0.12. Kwa mtu aliyetumia gramu 1 ya soda, akitarajia upungufu wa gramu 0.52, hiyo ni karibu robo ya matokeo yake yote. Hutaiona gesi hiyo, wala mizani haitakuambia iko wapi. Ipulize itoke kwa hewa ya pampu ndogo au bomba la sindano lisilo na sindano, ukirudia mpaka namba ya mizani itulie, au tumia chombo kipana na kifupi tangu mwanzo.

*Kufuatilia mwendo.* Inawezekana, kwa kusoma mizani kila baada ya sekunde 10, lakini gesi inayochelewa kutoka chomboni hufanya mmenyuko uonekane wa polepole kuliko ulivyo. Upepo wa dirishani nao hutikisa namba.

*Anayefaa kuitumia.* Ni njia ya anayetafuta jumla, na hasa anayeishi mahali pa juu au ambapo joto hubadilika, kwa sababu hahitaji kusahihisha mgandamizo wala mvuke wa maji. Asiye na mizani ya gramu 0.01 aiache.

Kukusanya gesi juu ya maji

*Utaratibu.* Silinda ya kupimia hujazwa maji, hupinduliwa ndani ya beseni la maji bila kuingiza hewa, na mrija kutoka kwenye chupa ya mmenyuko hupeleka gesi ndani yake. Maji yanayosukumwa chini huonyesha ujazo wa gesi. Gesi ya kwanza kufika kwa kweli ni hewa iliyokuwa chupani, na hilo halidhuru, kwa kuwa hewa iliyosukumwa ina ujazo uleule na gesi iliyoisukuma. Kinachodhuru ni kusahau asidi. Ukiingiza mililita 10 za asidi katika chupa iliyozibwa, mililita 10 za hewa hutoka hata kabla povu halijaanza, nazo lazima ziondolewe katika hesabu.

*Kiasi kinachofaa.* Hapa njia hii ina unyumbufu ambao nyingine hazina. Silinda ya mililita 100 hupokea gesi ya gramu 0.3 za soda, na ya mililita 500 hupokea ya gramu 1.5. Asiye na silinda anaweza kutumia chupa ya kawaida angavu, akaitia alama kwa kumimina maji yaliyopimwa kwa bomba la sindano.

*Inapopotoka.* Udhaifu wake ni kwamba gesi inayokusanywa ni ileile inayoyeyuka katika maji ya beseni. Mwanasayansi Mwingereza Henry Cavendish aliliona tatizo hili na katika kazi aliyoitoa mwaka 1766 aliikusanya gesi hii juu ya zebaki. Leo hakuna sababu ya kumwiga, kwa maana zebaki ni sumu. Hasara hii haina kiwango kimoja. Mapovu makubwa yanayopanda haraka hupoteza kidogo, na mapovu madogo ya mmenyuko wa taratibu hupoteza zaidi, hivyo huwezi kuongeza asilimia fulani mwishoni na kusema umesahihisha. Afadhali kuizuia. Maji yaliyokwisha kupitishiwa kaboni dioksaidi hayana nafasi ya kumeza nyingine nyingi, na maji yaliyokolea chumvi huyeyusha gesi hii kwa kiasi kidogo zaidi kuliko maji matupu. Ipo pia njia ya kuupitisha mrija ndani ya silinda mpaka karibu na kilele chake, ili gesi ifike juu bila kupita katika maji hata kidogo na iyaguse usoni tu. Naipendelea hii kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kitu cha ziada isipokuwa mrija mrefu.

Wakati wa kusoma, inua au shusha silinda mpaka maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja. Tofauti ya sentimita 10 hubadilisha mgandamizo kwa karibu kilopaskali 1, ambayo ni takriban asilimia 1 ya ujazo. Mvuke wa maji nao huchukua sehemu yake: kwa nyuzi 25 mgandamizo wake ni kilopaskali 3.2 hivi, kwa hiyo karibu asilimia 3 ya unachokisoma si gesi uliyoitengeneza. Na mmenyuko ukikoma, toa mrija majini mapema, kwani gesi inapopoa au kuyeyuka maji huweza kufyonzwa kurudi kwenye chupa.

*Kufuatilia mwendo.* Inafaa kwa mmenyuko unaochukua dakika kadhaa. Soda ya unga humaliza sehemu kubwa ya kazi katika sekunde chache, na macho hayawezi kufuata alama za silinda kwa kasi hiyo.

*Anayefaa kuitumia.* Mwalimu mwenye darasa kubwa na vifaa vichache, au yeyote anayetaka kulinganisha sampuli kadhaa kwa utaratibu uleule. Ulinganisho hubaki wa haki hata pale ambapo kila namba ina hasara kidogo, mradi sampuli zote zitoe gesi kwa kasi inayokaribiana.

Sirinji ya gesi

*Utaratibu.* Sirinji ya kioo, kwa kawaida ya mililita 100, hulazwa juu ya kishikizo na kuunganishwa na chupa kwa mrija mfupi. Gesi husukuma pistoni, nawe unasoma ujazo.

*Kiasi kinachofaa.* Kidogo, na hapa ndipo penye kazi. Gramu 0.25 za soda hutoa mililita 73 hivi, na ukijumlisha hewa iliyosukumwa na asidi unakaribia mwisho wa sirinji. Lakini gramu 0.25 zikipimwa kwa mizani ya gramu 0.01 huja na kosa la asilimia 4 kabla hujaanza chochote. Njia ya kulikwepa ni kuyeyusha gramu 5 za soda katika maji, kuongeza maji mpaka myeyuko ufikie mililita 100, kisha kuchukua mililita 5 za myeyuko huo, ambazo zina gramu 0.25 kamili. Malipo yake ni yale tuliyoyataja: mililita 5 za myeyuko pamoja na mililita 5 za asidi huweza kushika mililita 8 za gesi, yaani asilimia 11 ya yote. Yeyote anayechagua sirinji achague pia kuishibisha asidi mapema.

*Inapopotoka.* Pistoni ikinata, gesi hujikusanya nyuma yake kisha pistoni huruka, na grafu inakuwa na ngazi ambazo hazimo katika mmenyuko. Sirinji ya kioo iliyo safi na kavu huteleza vizuri. Ile ya plastiki yenye mpira hunata, na ni lazima uizungushe pistoni taratibu kila unaposoma. Viungio vinavyovuja ni tatizo jingine. Jaribio la dakika moja hulifichua: vuta pistoni kidogo mfumo ukiwa umezibwa, iachie, uone kama itarudi ilipokuwa.

*Kufuatilia mwendo.* Katika njia hizi nne hakuna inayoifikia. Gesi haikutani na maji mengine njiani, na namba husomeka papo hapo.

*Anayefaa kuitumia.* Anayechunguza jinsi joto au ukali wa asidi unavyobadilisha kasi ya mmenyuko, akiwa na maabara ya kawaida. Marekebisho ya joto na mgandamizo bado yanamhusu.

Puto

*Utaratibu.* Soda hutiwa ndani ya puto, puto huvishwa mdomo wa chupa yenye siki, kisha huinuliwa ili soda imwagike. *Kiasi kinachofaa* ni gramu 5 au zaidi, kwani chini ya hapo puto halivimbi vya kutosha kupimika.

*Inapopotoka.* Mzingo wa puto hupimwa kwa uzi, na ujazo hukadiriwa kwa kuchukulia kwamba puto ni mviringo kamili: mzingo mara mzingo mara mzingo, kisha gawanya kwa 59.2. Mzingo wa sentimita 44 hutoa karibu mililita 1,440. Kwa sababu ya kuzidisha huko, ukikosea sentimita 1 tu umekosea asilimia 7, na puto lenyewe si mviringo. Mpira huibana gesi kidogo, na kaboni dioksaidi hupenya kwenye mpira haraka kuliko hewa, hivyo puto la saa moja baadaye si la dakika ya kwanza. Kulizamisha puto katika ndoo iliyojaa hadi ukingoni na kupima maji yanayomwagika huondoa kosa la umbo, japo si mengine. Na mtu asiweke chupa na puto juu ya mizani akitarajia uzito usibadilike hata kidogo: puto linalovimba huelea katika hewa, na mizani hupungua kwa karibu gramu 1.2 kwa kila lita ingawa hakuna gesi iliyotoroka.

*Kufuatilia mwendo* kwa puto ni kubahatisha. *Anayefaa kulitumia* ni mwenye kutaka kuwaonyesha watoto kwamba soda zaidi huleta gesi zaidi hadi asidi inapokwisha. Kwa swali hilo puto linatosha, na huonekana hadi nyuma ya chumba kwa namna ambayo silinda haiwezi.

Kuchagua kulingana na hali

Ikiwa unataka kuthibitisha uwiano wa gramu 84 kwa 44, na una mizani ya gramu 0.01, tumia mizani pamoja na gramu 5 za soda, pamba, na hewa ya kufukuza gesi iliyobaki. Ikiwa mizani yako ni ya gramu nzima, itumie kupimia soda nyingi ya kutengenezea myeyuko, kisha gesi uikusanye juu ya maji.

Ikiwa swali ni la kasi, sirinji ndiyo ya kutafutwa. Ikikosekana, punguza kasi ya mmenyuko kwa kutumia soda iliyogandamizwa kuwa kidonge badala ya unga, na silinda ya maji itakufaa. Usipunguze kasi kwa kuongeza maji mengi kwenye asidi.

Ikiwa unalinganisha soda mpya na soda iliyokaa wazi kwa muda mrefu, au hamira ya unga (baking powder) ya kampuni moja na ya nyingine, usahihi wa namba moja moja una umuhimu mdogo kuliko kufanana kwa utaratibu. Weka kiasi kilekile cha kimiminika, joto lilelile na muda uleule wa kusubiri, na njia ya maji itatosha. Hamira ya unga ina wanga na asidi kavu ndani yake, na baadhi ya asidi hizo hazifanyi kazi mpaka zipate joto, kwa hiyo usiipime kwa maji baridi peke yake.

Ikiwa una watoto wadogo na nusu saa, chukua puto. Kwa watu wa rika lolote, chombo cha kioo kisizibwe kabisa bila mahali pa gesi kwenda. Gramu 5 za soda katika chupa ya nusu lita iliyofungwa huweza kuongeza mgandamizo wa ndani kwa karibu mara tatu ya ule wa hewa ya nje, na kioo hakitoi onyo.

Na ikiwa matokeo yako yatasomwa na mtu wa mahali pengine, njia zote za ujazo zinakudai uandike joto la chumba na mgandamizo wa siku hiyo kando ya mililita zako, pamoja na ujazo wa kimiminika ulichotumia. Kwa mizani, ujazo huo wa kimiminika unatosha.